Tisa kwa Kumi

Kaka Mkubwa alikuja na tai. Jumapili mchana, nyumbani kwa mama yake mzazi, amelikalia kochi la watu watatu peke yake na tai imemkaba hadi kooni. Nilipoiona ile tai nikajua kwamba Mama na mimi tulikuwa tumeandaa chakula, lakini yeye alikuwa ameandaa kesi.

“Hiyo tai ya nini?” nikamuuliza huku nikipanga sahani mezani.

“Leo nimekaa mahali pa baba,” akasema. “Mtu anakuja kumwomba binti wa nyumba hii, anikute na kaptula?”

“Baba hakuwahi kuvaa tai hata siku moja.”

“Kwa sababu hakuwahi kuombwa binti.”

Hapo alinishinda. Baba alifariki kabla mtu yeyote hajaniomba, na kwa muda mrefu hapakuwa na dalili kwamba atatokea wa kuniomba. Nina miaka thelathini na miwili, mdomo wangu hauna kufuli, na wanaume wengi wanapenda mwanamke anayesema ukweli mradi asiwaambie wao. Kaka Mkubwa naye kazi yake ni bima. Analipwa kutafuta sababu za kukataa, na kazi yake anaipenda kuliko mshahara.

Aliyekuwa njiani kuja nilimwita Mtafsiri. Tulikutana kazini kwangu. Mimi ni fundi wa miwani, na katika ufundi wetu lazima umsogelee mteja, umwekee rula juu ya pua, umwambie aangalie machoni pako, kisha upime umbali kati ya mboni moja na nyingine. Nimeangalia macho ya kila aina wala sijawahi kutikisika. Yake yalikuwa mekundu kwa kukesha mbele ya kompyuta, mapole, na hayakukimbia. Nikapima, nikapima tena, sikupata jibu.

“Rula inatetemeka, dada,” akaniambia.

“Rula mbovu,” nikamjibu.

Miwani ya kwanza ilipokuwa tayari aliagiza ya pili. Ya pili ilipokuwa tayari akaja kulegeza skrubu, kesho yake akaja kukaza skrubu. Mwenye duka akaniambia, “Huyu mteja wako ama ana kichwa kinachobadilika umbo, ama ana jambo.” Alikuwa na jambo. Nilimpenda kabla hajalisema, na siku alipolisema nilijifanya natafuta kitambaa cha kufutia lenzi ili asione uso wangu.

Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa kazi yake, na juu ya kazi yake, tatizo lilikuwa mimi.

Mtafsiri anajua Kijapani. Anatia maneno ya Kiswahili kwenye michezo ya kompyuta inayotoka huko: ile mirefu, yenye mashujaa wa macho makubwa na nywele za rangi ya zambarau, falme zinazoelea mawinguni, joka, laana ya kale na kikundi cha marafiki wanaotembea dunia nzima kuiondoa. Mchezo uliompa jina ni *Safari ya Mabawa Saba*. Watu waliucheza kama wendawazimu, na kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Mmoja alilalamika kwamba vita ni vya polepole, kila mtu anangoja zamu yake kupiga. Mwingine akamjibu kwamba ndivyo wanavyopigana watu waliolelewa. Mmoja alilia siku nzima alipokufa yule mbuzi wao anayeruka, akaomba ruhusa kazini. Mmoja aliuliza kwa nini upepo unayumbisha miti yote na nywele za shujaa hazitikisiki.

Na alikuwepo mmoja aliyeogopwa kuliko wote, anayeitwa Jicho Kali. Huyo akiusifu mchezo, unachezwa. Akiuponda, hata walioununua wanakana.

Jicho Kali ni mimi.

Hakuna aliyejua. Mama aliamini kwamba jioni nikijifungia chumbani nasali, nami sikuona sababu ya kumvunja moyo. Mtafsiri nilimficha kwa sababu nyingine. Siku moja, tumekaa kwenye ngazi za ofisi yao tunakunywa chai kwenye vikombe vya karatasi, aliniambia, “Yupo mtu anaitwa Jicho Kali. Aliwahi kuandika sentensi moja juu yangu, nikataka kuacha kazi.” Nikamuuliza angemfanya nini kama angemjua. Akatabasamu, akasema angemnunulia chai kwanza, halafu wagombane mpaka usiku uingie. Nilipaswa kusema palepale. Nikasema chai imepoa.

Basi Jumapili hiyo roho ilikuwa mkononi. Nilitaka wamkubali, na nilitaka anipende akinijua nilivyo, na sikuona namna ya kuyapata yote mawili kwenye meza moja.

Alifika amevaa shati jeupe na miwani niliyomtengenezea, ile ya pili. Akampa Mama mkono kwa adabu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona mwembamba hivi? Hiyo kompyuta haikulishi?”

“Inanilisha, Mama. Tatizo nasahau kula.”

“Hilo tutalirekebisha,” Mama akasema, nami nikapumua. Kisha Mtafsiri akamgeukia mwenye tai.

“Habari za hapa, shemeji.”

“Shemeji bado,” Kaka Mkubwa akasema. “Kwa sasa niite Kaka. Kaa.”

Tulikula. Mama alikuwa amefundisha Kiswahili shuleni maisha yake yote mpaka akastaafu, na alipogundua kwamba mgeni wake anakula kwa kupanga maneno, akachangamka. Aliuliza unamtafsirije joka anayezungumza kwa heshima. Aliuliza kama Kijapani nacho kina methali. Mtafsiri alijibu kila swali kwa utulivu, na kila alipojibu Mama alimwongezea kipande cha kuku. Nikaanza kuona mlango unafunguka. Nikanyanyuka, nikamjazia maji kwenye bilauri.

“Asante, dada,” akasema.

Lilimtoka tu. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hurudia neno alilolizoea. Mimi nilikuwa dada yake wa kaunta kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa mpenzi wake. Lakini nilimwona Kaka Mkubwa akiweka uma chini taratibu, kama mtu aliyepata kipengele alichokuwa anakitafuta kwenye mkataba.

“Umemwitaje?”

“Samahani, nimezoea...”

“Dada. Umekuja kumwoa dada yako?” Akacheka, akachukua simu yake. “Mama, mimi sikuja mikono mitupu. Nimefanya uchunguzi. Huyu bwana ana sifa mtandaoni, na sifa zenyewe ni za hilohilo neno. Msikilize.”

Nilijua anachotafuta kabla hajakipata.

“Kaka, watu wanakula,” nikasema.

“Wale, na wasikilize. Huyu anaitwa Jicho Kali. Si mtoto, Mama, ni mtaalamu. Watu wanamfuata huko kwa maelfu.” Akakohoa, akasoma kwa ile sauti yake ya kumsomea mteja kwa nini halipwi:

“‘Nimetembea na watu hawa miezi minne. Nimewalisha, nimewavisha, nimewafufua. Mchezo huu unajua jambo ambalo michezo ya haraka haijui, kwamba urafiki ni kungojana zamu. Muziki wake unaingia bila hodi na hauondoki ukifukuzwa. Kiswahili chake kinatembea kwa miguu yake chenyewe, sikukisikia kikichechemea...’”

“Hebu rudia hapo,” Mama akasema. “Pa kungojana zamu.”

Akarudia. Mama alikuwa ameacha kutafuna.

“Huyu anajua kuandika,” akasema. “Ni nani huyu? Amesomeshwa na nani?”

“Mwenye akili, Mama. Mtu mzima. Ndiyo maana nasema ushahidi wake ni mzito.” Kaka Mkubwa akaendelea. “‘Kisha tunafika darajani. Adui yuko nyuma, daraja linaungua, na mmoja lazima abaki. Mpiga upanga anamgeukia mponyaji, msichana aliyempenda kimya sura ishirini, na anasema: Vuka, dada. Mimi nabaki. Eti dada! Mimi naitwa hivyo na kila anayeulizia bei. Huyu anaaga au anaagiza soda? Aliyetafsiri hapa hajawahi kupenda. Tisa kwa kumi. Hiyo moja aje aichukue siku akipenda.’”

Akaweka simu mezani, skrini juu.

Niseme ukweli wangu wote. Nilikuwa nimekufa kwa hofu, na wakati huohuo nilikuwa nimevimba kichwa. Sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa kwa sauti. Yalisomwa na kaka yangu asiyenisifu hata kwa salamu, na mama yangu, aliyesahihisha insha za watoto wa watu maisha yake yote, alitaka arudiwe. Nilitamani aulize tena nani huyu.

“Haya, bwana,” Kaka Mkubwa akasema. “Mtaalamu anasema hujawahi kupenda. Sasa mimi dada yangu nikupe kwa msingi gani?”

Mtafsiri alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kitu ambacho nimemkataza mara ngapi sijui. Akaivaa tena.

“Huyo Jicho Kali ndiye msomaji bora niliyewahi kumpata,” akasema. “Wengine wananipa kumi na hawakusoma hata nusu. Huyo alisoma kila neno. Alipoandika kwamba Kiswahili kinatembea kwa miguu yake, nilikaa nikasema, basi, kuna mtu ameniona. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na sidhani kama nitapata.”

“Sifa umezisikia, na lawama je?”

“Lawama nimezisikia. Kwenye lile neno tunabishana, mimi na yeye. Lakini simkubalii mtu mwingine amtumie kama fimbo. Hata wewe, Kaka, samahani. Yale ni maoni ya mtu aliyeupenda mchezo. Hayakuandikwa yawe fimbo.”

Alisema hivyo kwa upole, bila kupandisha sauti, na hakunitazama hata kidogo. Mwanamume aliyeumizwa na sentensi yangu alikuwa amesimama mbele ya kaka yangu kuilinda sentensi hiyohiyo. Nikajiona nitakuwa mtu wa ajabu nikikaa kimya nikimwacha anitetee bila kujua ni nani anayemtetea. Kama ataondoka, basi na aondoke akijua.

“Jicho Kali ni mimi,” nikasema.

Kaka Mkubwa akacheka. Akaniangalia, akaacha kucheka, akaichukua simu akaiangalia, akaniangalia tena.

“Wewe?”

“Mimi. Kila neno. Na lile la kungojana zamu nililifikiria nikiwa nakata lenzi, wala sikulisoma popote.”

“Kwa hiyo,” Mama akasema polepole, “jioni zote hizo, nikipita mlangoni kwako kwa kunyata nisikukatize sala...”

“Nilikuwa darajani, Mama.”

Mama akafunika mdomo kwa leso. Sikujua kama amekasirika au anacheka, na sikuwa na nafasi ya kuchunguza, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa Mtafsiri. Nilitegemea uso wa mtu aliyechomwa kisu. Badala yake alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyengoja kitu kwa muda mrefu na kikaja chenyewe.

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Kwamba ni wewe. Tangu ile fremu ya kwanza. Uliniambia imenikalia usoni kama mgeni asiyekaribishwa. Nikashtuka, maana maneno hayohayo Jicho Kali aliyaandika kuhusu taji la yule mfalme wa barafu. Nikaagiza ya pili ili nikusikie tena.”

“Na ukanyamaza miezi yote!” Nilihisi damu inapanda usoni. “Umekaa na mimi kwenye ngazi unaniambia ungemnunulia chai, kumbe chai yenyewe ninayo mkononi?”

“Nilikuwa natimiza ahadi.”

“Usinichekeshe, nimekasirika!”

“Wewe ndiye ulinyamaza kwanza,” akasema. “Nilitaka useme mwenyewe. Kama usingesema, ningekuoa na siri yako, ningekaa nayo.”

“Nani kasema utamwoa?” Kaka Mkubwa alikuwa amerudiwa na sauti. “Ngojeni. Ngojeni kwanza. Hii sasa ni mbaya zaidi kuliko nilivyofikiri. Mmoja anatengeneza, mwingine anatoa alama, na wote wanataka kulala nyumba moja? Nani atamwamini? Akimsifu, watasema ni mumewe. Akimponda, tutakuwa na mke anayemwanika mumewe mbele ya maelfu ya watu. Mimi nafanya kazi na mambo haya kila siku. Mtu hawezi kujikadiria hasara yake mwenyewe.” Akanigeukia, na safari hii hakuwa na dhihaka. “Mdogo wangu, mimi sikuchukii wala huyu bwana simchukii. Lakini chagua. Ukimtaka, achana na hayo maandishi. Ukiyataka maandishi, mwache aende. Viwili hivyo havikai chungu kimoja.”

Alichosema kilikuwa na akili. Hilo ndilo linaloudhi kwa Kaka Mkubwa. Anakosea kwa sababu nzuri. Nilifikiria jioni zangu, yale mapambano ya maneno na watu nisiowajua, wanaonisubiri niseme neno kabla hawajasema lao. Mchana nawafanya watu waone vizuri, na jioni ndipo mimi naona. Nilikuwa nampenda Mtafsiri, lakini mwanamke ambaye angebaki baada ya kuacha kuandika sikumjua, na nilikuwa na hakika hata yeye asingemjua.

“Akiacha kuandika mimi simtaki,” Mtafsiri akasema ghafla. Kisha akashika kichwa. “Hapana. Namtaka. Namtaka hata akiacha kuongea kabisa. Nilichotaka kusema ni kwamba... Mama, nisaidie, wewe mwalimu.”

“Nimeelewa,” Mama akasema. Aliweka leso chini, na sasa nikaona kwamba alikuwa akicheka, na kwamba macho yake yalikuwa na machozi. “Lakini kabla hamjaendelea kupiga kelele, mimi nina neno na huyu Jicho Kali wangu. Umekosea.”

“Mama?”

“Umeandika vizuri, na umekosea. Yote mawili yanawezekana. Baba yenu alikuwa fundi wa mashine za chapa. Alikuja shuleni kwetu kutengeneza moja. ‘Dada, wino umekauka.’ Wiki ijayo, ‘Dada, herufi ya m inakwama.’ Mashine nzima, haina hata mafua! Mwaka mzima naitwa dada. Angeniitaje? Mpenzi hajaruhusiwa. Mwalimu ni la wanafunzi. Jina langu tupu ni utovu wa adabu. Bibi, ningemtupia chaki. Dada ndilo neno pekee lililobaki kwa mtu anayekupenda na bado hajapewa ruhusa. Siku alipokuja akasimama mlangoni, akashindwa kulitamka, nilitoka nje nikalia, maana nilijua amekuja kuomba.”

Kaka Mkubwa alikuwa anaiangalia meza. Hadithi hiyo hatukuwahi kuisikia, sisi watoto wake.

“Huyo mpiga upanga wako,” Mama akaendelea, akimwelekea Mtafsiri, “alipewa ruhusa?”

“Hakupewa, Mama. Ndiyo maana.”

“Basi neno ni sahihi.”

Wengine wangelia, wakakubali, yakaisha. Lakini mimi ni mtoto wa mama huyohuyo.

“Sikubali,” nikasema. “Samahani, Mama. Wewe ulikuwa na sauti ya Baba. Ulimwona anavyolitamka, ulimwona mikono yake. Mchezaji hana sauti, hana mikono. Ana maandishi matupu chini ya skrini: Vuka, dada. Yanapita harakaharaka kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Hata kama neno ni sahihi, halikupewa nafasi ya kuumiza.”

Mtafsiri aliinama mbele. Kwa kitambo alisahau kwamba yuko mbele ya wakwe.

“Rudia.”

“Halikupewa nafasi.”

“Nukta tatu,” akasema. “Vuka, nukta tatu, dada. Anataka kusema kitu kingine, kinamshinda, anarudi kwenye neno alilolizoea.”

“Na ‘Mimi nabaki’ isiwe hapo hapo. Msubirishe mchezaji. Abonyeze kitufe kwanza.”

“Abonyeze,” akarudia. Akajipiga paji la uso. “Nimebishana nawe kichwani mwaka mzima kuhusu neno, na kumbe ubaya ulikuwa kwenye kimya kabla ya neno. Tunatoa toleo jipya. Kesho naliingiza.”

“Na mimi nikiliona nitakupa kumi.”

“Usinipe.” Alisema hivyo haraka, karibu kwa hasira. “Tafadhali. Kumi ninazo nyingi, nimepewa na watu wasiokumbuka hata jina la daraja. Tisa yako nimeikalia kama kiti changu mwenyewe. Ulisema nije nichukue ile moja siku nikipenda. Nimekuja, nimependa, na siitaki. Nakutaka wewe, na kalamu yako, na ulimi wako wote kama ulivyo. Nikikosea tena, uniandike tena.”

Sikuwahi kuambiwa neno la mapenzi kama hilo. Wengine huambiwa wao ni malaika. Mimi niliombwa niendelee kuwa mkali.

“Kaka,” nikasema, “simu yako bado iko kwenye ule ukurasa?”

“Iko.”

“Usiifunge.”

Nikachukua yangu, nikaandika palepale mezani, mabaki ya kuku mbele yangu na watu watatu wakinitazama vidole. Sikufuta hata neno moja. Nilipomaliza nikabonyeza, na simu ya Kaka Mkubwa ikalia kwa ujumbe mpya chini ya maoni yangu. Akaichukua. Hakusoma kwa ile sauti ya bima.

“‘Kwa wanaonisoma. Aliyeutafsiri mchezo huu ni mchumba wangu, kuanzia mchana wa leo. Mnayo haki ya kujua, na mnayo haki ya kuniamini au kuacha. Niliandika kwamba hajawahi kupenda. Hilo nalifuta, nina ushahidi. Alama siifuti. Ni tisa, na mwenyewe ameikubali. Nitaendelea kuandika, na yeye nitamkosoa kama mtu mwingine yeyote, pengine zaidi, kwa sababu nitamfikia kwa urahisi.’”

Mtafsiri alikuwa ameshika ukingo wa meza.

“Mchumba,” akasema, kama mtu anayelionja neno kabla ya kuliweka kwenye sentensi.

“Umekosea kitu,” Mama akasema.

“Mama, jamani, kipi tena?”

“Hujatia sahihi. Jicho Kali si mtu. Mtu aliyeandika vile ana jina, na mimi nataka walijue. Waliosomesha watoto wao kwangu waone. Andika jina lako.”

Nikasita. Jina langu kwenye jukwaa lile, na kazini kwangu wangejua, na wateja wangejua, na kila niliyewahi kumponda angejua pa kunipata. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amekaa wima kama alivyokuwa akikaa siku ya matokeo, mtoto wake wa darasa akiitwa mbele.

Nikaliandika. La kwangu, la Baba, na la babu.

Simu ya Kaka Mkubwa ikalia tena. Akalisoma jina kwa sauti, la kwanza vizuri, na alipofika kwenye jina la baba yetu akailegeza tai kwanza, ndipo akalisema. Mama akaitikia kwa kichwa. Mtafsiri aliniangalia tu, mbele ya mama yangu na kaka yangu, hakuinamisha macho, wala mimi sikuinamisha yangu.